Tomahawk ya kawaida au MAX? Iangalie madabodi kabla hujatoa pesa

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena mezani kwangu hapa Kampala. Leo nina madabodi mbili (ule ubao mkuu wa kompyuta) za kampuni ya MSI, zote nimezinunua zikiwa zimetumika: B450 Tomahawk na B450 Tomahawk MAX. Nazisogeza kwenye kamera muone wenyewe. Soketi, yaani pale prosesa inapokaa, ni AM4 kote kote, chipseti B450, nafasi za ramu nne, milango ya SATA ya diski sita, nafasi ya diski ya M.2 moja. Muuzaji aliniambia, "Bosi, hizi ni kitu kimoja." Hapana, si kitu kimoja, na tofauti yenyewe huioni kwa macho.

Iko kwenye chipu ndogo inayohifadhi BIOS, ile programu ya kuiwasha kompyuta. Ya kwanza ina megabaiti 16, MAX ina 32. Unaweza kusema hilo ni jambo dogo, lakini nisikilizeni. AMD, watengenezaji wa prosesa, wameitumia soketi hii kwa vizazi vingi vya prosesa zao za Ryzen tangu 2017, na kila prosesa mpya inataka maelezo yake ndani ya BIOS. Nafasi ikajaa. Ryzen 3000 zilipofika Julai 2019, MSI walilazimika kupunguza vitu kwenye madabodi za zamani: skrini ya mipangilio ikarahisishwa, na prosesa za zamani za AMD za A-series zikaondolewa. MAX ikaja mwaka huohuo ikiwa na nafasi ya kutosha.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama. Namba iliyochapwa kwenye ubao ni MS-7C02 kwa zote mbili! Ukitafuta BIOS kwa namba hiyo peke yake, utapotea. Soma jina kamili, kisha tazama faili: za Tomahawk ya kawaida huanza na 7C02v1, za MAX huanza na 7C02v3. Usizichanganye hata kidogo. Kwa madabodi za kampuni ya Gigabyte, tafuta neno REV kwenye kona ya ubao, maana kila toleo lina ukurasa wake wa BIOS. Boksi usiliamini, mitumba hubadilishana maboksi.

Kitu ninachokipenda sana kwenye hizi mbili ni kitufe cha nyuma cha kuweka BIOS. Huhitaji prosesa wala ramu. Flashi ifomatiwe kwa FAT32, faili ya BIOS uipe jina MSI.ROM, uichomeke flashi kwenye mlango wake maalumu, unganisha pawa saplai, bonyeza, subiri taa iache kuwaka na kuzima. Huku kwetu umeme unaweza kukatika katikati ya kazi. Kwa kitufe hiki unarudia tu. Hata hivyo, ukiwa na UPS, itumie.

Ukitaka Ryzen 5 5600, ongeza pesa kidogo uchukue MAX, na uiwekee BIOS mpya kwanza, kwa sababu prosesa hiyo ilitoka 2022 na MAX ni ya 2019. Ile ya kawaida siitupi. Ryzen 5 2600 inawaka juu yake bila kugusa BIOS kabisa, na ndiyo ninayomfungia mpwa wangu anayeanza kujifunza kuhariri video. Haya, nileteeni bisibisi tuanze.