Raba ipi ununue, kama unajali aliyeishona

Kila Januari, kabla shule hazijafunguliwa, ndugu na marafiki huniuliza swali lile lile: ninunue raba gani? Zamani ilikuwa bei na soli tu. Siku hizi swali limeota mkia: "Lakini isiwe ya wale wanaonyonya watu." Basi nimepanga zilizopo sokoni kwetu Mombasa, kuanzia ninazozipenda hadi nisizozitaka hata bure. Mkimbiaji ataona mpangilio wangu una kasoro. Mimi ni mtu wa kutembea.

Kwanza geuza ulimi wa kiatu. Kilebo cha ndani kina saizi, namba ya toleo na nchi: Vietnam, Indonesia, China. Hapo umejua kilikotoka. Hujajua aliyekipaka gundi alilipwa nini, wala kama chumba alichofanyia kazi kilikuwa na dirisha linalofunguka. Na gundi si jambo dogo. Mwaka 1997 ilivuja ripoti ya ukaguzi ambayo Ernst & Young waliwaandikia Nike kuhusu kiwanda kimoja cha Vietnam. Hewa ya toluini, kemikali iliyomo kwenye gundi, ilikuwa imepita kiwango cha sheria ya nchi ile, na sehemu nyingine ilifika mara 177. Mwaka uliofuata mwanzilishi mwenza na mkuu wa Nike, Phil Knight, alisimama Washington akakiri kwamba jina la bidhaa zake sasa lilimaanisha ujira wa kitumwa, saa za ziada za lazima na unyanyasaji. Mwaka 2005 Nike ikatoa hadharani orodha ya viwanda inavyovitumia. Viwanda havikurudishwa Marekani. Kilichowasogeza ni kelele za watu.

Kwa hiyo kipimo changu si umbali wa kiwanda. Nauliza: mfanyakazi akidhulumiwa, ana pa kwenda?

1. Raba za turubai za humu nchini

Umoja za Kilifi, na Bata za Limuru, ambako kampuni hiyo imekuwa na kiwanda kwa zaidi ya miaka 80. Siziweki juu kwa uzalendo. Naziweka kwa sababu ya hilo swali la pa kwenda. Kipo chama cha wafanyakazi wa viatu na ngozi, ipo ibara ya 41 ya katiba inayotoa haki ya kugoma, ipo mahakama ya kazi, na mwandishi wa habari akitaka kuona kwa macho yake hupanda matatu akafika langoni.

Msidhani basi kila kitu ni shwari. Sheria yetu ya kima cha chini cha mshahara imeigawa nchi mafungu: Nairobi na Mombasa wako juu, Limuru iko fungu la pili, na maeneo mengine chini zaidi. Watu wawili wanaweza kufanya kazi ile ile, mmoja akapata kidogo kwa sababu tu ya mahali lango lilipo. Tena kibarua wa kutwa hana salama ya yule aliyeajiriwa, kiwanda kiwe Kilifi au Dongguan, China. Na ukiingia duka la Bata usichukulie kwamba kila kiatu rafuni ni cha Limuru. Vingine vimeagizwa nje. Rudi kwenye kilebo.

Upungufu wake ni soli: bapa na ngumu. Anayesimama kutwa dukani aongeze soli ya ndani ya sponji, la sivyo visigino vitamwambia.

2. Mtumba, ukijua kuchagua

Kongowea asubuhi na mapema utamkuta muuzaji na karai la povu la Omo, mswaki mkuukuu mkononi, anasugua ukingo wa soli mpaka weupe unarudi. Ndiyo maana rangi isikudanganye. Bonyeza sponji ya soli kwa kidole gumba. Ikibonyea na kurudi, sawa. Ikitoa mikunjo midogo kama ngozi ya embe lililokaa, iache: kiatu kimekaa ghala na makontena miaka mingi, na kitameguka kama biskuti wiki ya pili, hata kama hakijawahi kuvaliwa. Kisha kikunje mbele, pale vidole vinapoanzia, uangalie kama gundi inaachia. Waliofungua belo wamekwisha kutoa kamera, yaani zile bora kabisa, kwa hiyo ukichelewa unachagua yaliyobaki.

Kwa upande wa haki, mtumba una hoja nzito. Kazi ilishafanywa, kiatu kilishauzwa mara moja huko Ulaya au Marekani, na shilingi yako inaishia kwa muuzaji na fundi wa kushona, si kwa kampuni. Mbona basi si namba moja? Kwa sababu mtumba unashindana na viatu vya hao wa Kilifi na Limuru. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo na viatu vya mtumba pole pole. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA, sheria yake inayoruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru, Kenya ikajitoa mapema, Rwanda ikakaza, na 2018 ikasimamishiwa nafuu ya nguo. Nikivaa mtumba nakumbuka hilo, na bado navaa.

3. Enda, kwa wanaokimbia kweli

Hii ni kampuni ya Kenya ya raba za kukimbilia. Navalayo Osembo na Weldon Kennedy waliianzisha kwa mchango wa mtandaoni mwaka 2016, na raba ya kwanza wakaiita Iten. Si kila kipande kimetoka Kenya, ila kuunganishwa kumefanyika hukuhuku Pwani. Bei ni ya orijino. Kama hukimbii, hela hiyo itakununulia jozi kadhaa za turubai.

4. Orijino mpya kutoka Asia

Kususia raba hizi kunanishawishi kidogo tu. Mwaka 2014 makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa Yue Yuen, kampuni inayoshonea chapa kubwa viatu huko Dongguan, waligoma kwa sababu mwajiri hakuwalipia michango ya bima ya jamii inavyotakiwa. Walichodai ni michango yao, na walitaka kazi iendelee. Ukinunua hapa, nunua kampuni inayochapisha majina na anwani za viwanda vyake, kisha uivae mpaka ichoke. Jozi moja ya miaka mitatu inanitosha kuliko tatu za mwaka mmoja mmoja.

5. Zilizoshonwa Marekani au Uingereza

Hizi ni za mwenye shangazi ughaibuni. New Balance wana kiwanda Flimby, Uingereza, na vingine Maine, Marekani. Jueni tu kwamba kwao "Made in USA" ni kiatu ambacho asilimia 70 au zaidi ya thamani yake imetoka kule, si lazima kiatu chote. Ni kazi nzuri, bei ya kutisha.

6. Feki

Hapa hakuna orodha ya viwanda wala wa kumlalamikia. Kilebo chenyewe kinadanganya. Niliwahi kununua jozi nyeupe, alama ya kampuni imekaa sawasawa, nikajiona mjanja. Siku ya mvua, nikishuka feri upande wa Likoni, soli ya kulia ikabaki kwenye ubao wa kushukia, mguu ukaendelea. Umati ukiwa nyuma yangu sikuweza kurudi kuiokota. Fundi wa kando ya stendi aliangalia juu ya kiatu, akaangalia chini palipokuwa na soli, akaniuliza kama nataka ndala.