Kikapu cha kupikia kutoka soko la Kibuye, Kisumu: miezi 4 ya maharagwe, nyoyo (githeri) na makosa yangu mwenyewe

Kwanza bei, maana najua ndio mnatafuta: shilingi 1,800. Mama aliyekuwa akiuza alianza na 2,500, nikamwambia mathe mimi si mgeni wa hapa, nakaa Migosi, akanisikiza naongea akacheka akasema basi nyar Kakamega (binti wa Kakamega) leta 1,800 na ubebe hii yenye kitenge ya buluu. Nikabeba. Ilikuwa Jumapili ya Aprili, na Kibuye Jumapili mnaijua, unatembea kwa kusukumwa, kikapu kimenifunika uso mpaka jamaa wa mkokoteni akaniuliza kama nahama.

Kwa wenye hawajakiona, hii kitu wengine wanaiita faya-lesi. Ni kikapu kikubwa, changu kimefumwa kwa yale magugu ya ziwani yanayosumbua boti, ndani kimezungushiwa sponji za vipande vipande na nguo kuukuu halafu kikashonewa kitambaa, na kifuniko chake ni kama mto mnene. Hakina stima, hakina moto, hakina chochote. Unachemsha chakula kwa gesi ama makaa, kikiwa bado kinatokota unafunika sufuria, unaitumbukiza humo, unaweka mto juu, unaenda zako. Joto linakosa pa kutokea, chakula kinaendelea kuiva. Sufuria zetu hizi hazina mkono kwa hivyo zinaingia vizuri, ile ya kukaangia yenye mkono sahau.

Sasa wacha niwaambie mbona nilikinunua, kwa sababu sio mambo ya kuokoa gesi vile mnafikiria.

Sisi ni watu 5 kwa nyumba. Kabla ya hapo maharagwe nilikuwa nanunua yakiwa yamechemshwa tayari, kwa mama fulani hapo stendi, kikombe 50, na kwa watu 5 lazima vikombe 3. Hio ni 150 kwa jioni moja, na tunakula mara 3 kwa wiki, fanya hesabu, 450. Kila mtu anajua maharagwe makavu ni rahisi, lakini nani atakaa na sufuria juu ya gesi masaa mawili? Nilijaribu mwaka jana, mtungi wa kilo 6 haukumaliza wiki 3. Makaa nayo kwa ploti yetu ni ya kupikia nje kwa veranda, na ukirudi kazini saa kumi na mbili na nusu ukianza maharagwe saa hio mtakula saa nne watoto wamelala. Kwa hivyo yule mama wa vikombe alikuwa hatuuzii maharagwe, alikuwa anatuuzia moto wake na wakati wake, na mimi simlaumu.

Kikapu kimenirudisha kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka. Gorogoro moja ya maharagwe, kama kilo 2 hivi, nanunua 300 ama 320 kulingana na siku, na inanitoa sufuria 4. Hio ni 75 ama 80 kwa sufuria, na inabaki ya watoto kubeba shule. Ukitoa ile gesi kidogo ya kuchemshia, kikapu kilijilipa kwa miezi miwili na nusu hivi, na kilinifaa zaidi kwa sababu ile ilikuwa miezi ya uvuvi wa omena (dagaa) kufungwa. Kila mwaka kuanzia Aprili mpaka Julai iishe omena haivuliwi ndio izaane, na ile kidogo kavu inayobaki sokoni bei yake inakuwa ya kuangalia tu na kupita. Hapo maharagwe ndio nyama, ndio samaki, ndio kila kitu.

Lakini wiki ya kwanza nilitaka kukirudisha, bana. Siku ya kwanza niliosha maharagwe, sikuloweka, nikachemsha dakika 10, nikatia kwa kikapu saa moja asubuhi nikaenda kazi nikijisifu njia yote. Jioni nafungua, maji ya moto kabisa, maharagwe kama kokoto. Mzee wa nyumba akatafuna moja, akaniangalia, akaenda kununua mkate. Siku ya pili niliona labda joto linatoka, nikawa nafungua kuangalia, saa tano, saa saba, saa tisa, nilikuwa off siku hio. Kila ukifungua mvuke wote unaenda na hakuna moto wa kuurudisha. Yakakuwa vuguvugu na bado magumu.

Saa hii nimejua. Loweka usiku kucha, mwaga hayo maji, weka mengine, na uchemshe kwelikweli, sio kutokota kwa aibu, dakika 25 mpaka 30 kama ni rosecoco (yale ya madoadoa mekundu), alafu ndani ya kikapu masaa 5 ama 6 bila kugusa. Hio kuchemsha msiikate hata kama mnaona kikapu kitamalizia. Maharagwe, haswa yale mekundu makubwa, yana sumu yake ya asili, na inaisha tu yakichemka kabisa angalau dakika 10, joto la chini chini haliiwezi. Mtu akiloweka alafu atie kwa kikapu na maji ya moto ya chupa ati anaokoa gesi yote, huyo atakimbia choo usiku mzima.

Na kununua pia nimejifunza upya, kwa sababu kikapu hakisamehe maharagwe ya zamani. Yale yamekaa stoo mwaka mzima hayaivi hata uyapigie magoti. Pale Kibuye kuna mama mmoja yuko upande wa nafaka, ananiruhusu niume moja kabla sijapima. Ikipasuka kwa jino kama glasi, hio ni ya kitambo. Ikiacha alama kidogo ya jino, hio ni mpya, pima. Angalia rangi pia, rosecoco ikizeeka ule weupe unakuwa kahawia kama chai. Mengi yanatoka Uganda kupitia Busia na ni mazuri tu, shida yake ni kuchanganywa, mpya na kuukuu kwa gunia moja, unapata sufuria nusu imepondeka nusu inagonga sahani. Na angalieni gorogoro yenyewe, kuna zimegongwa chini zikabonyea ndani, ukiona mtu anapima nayo mwambie akupimie na ingine, bila kugombana, "mathe nipimie na hio ya pale." Anajua unajua.

Nyoyo ndio sifa kubwa ya hii kitu. Mahindi makavu na maharagwe, nimeloweka pamoja, nachemsha dakika 45 na situmii magadi tena, zamani bila magadi ilikuwa haiwezekani na ile ladha ya sabuni mimi siipendi. Natia kikapuni nikienda kulala, asubuhi iko laini, nakaanga na kitunguu tu. Ndengu hata hazitaki kulowekwa, dakika 10 za kuchemka na saa moja na nusu kikapuni. Mchele wa Ahero kikombe kimoja kwa maji kikombe na nusu, ukichemka dakika 5 funika weka ndani, baada ya dakika 50 umeiva, na hauungui chini, watoto wangu wanalalamika ati hakuna ukoko. Matumbo pia, nusu saa kwa moto na masaa 3 ndani, lakini harufu itabaki kwa kitambaa, nimewaonya.

Mboga za kienyeji nilijaribu, osuga na mitoo pamoja na maziwa. Zililainika sawa lakini ule uchungu haukutulia vile unatulia kwa nyungu zikirudiwa siku ya pili. Hapo kikapu kimeshindwa na nyungu ya nyanyangu. Sukuma usiweke kabisa, inakuwa rangi ya kaki. Ugali na chapati na mgongo wazi (mifupa ya samaki ya mbuta) ya kukaanga, hayo ni ya moto wa kawaida, kikapu hakiwezi kitu ya kugeuzwa ama ya kukauka.

Jambo lingine, sufuria ijae. Ukipikia watu 2 kwa sufuria kubwa iliyo na hewa nusu, joto linaisha mapema. Kama wewe unakaa peke yako kwa bedsita tafuta saizi ndogo, ama upike ya siku 2 uweke kwa friji.

Na usiache chakula humo ukakisahau. Mimi niliacha nyoyo Ijumaa usiku nikaenda matanga Vihiga, nikarudi Jumamosi saa tisa. Nafungua, povu, harufu ya pombe ya busaa. Gorogoro robo na mahindi yote kwa pipa, aki nililia. Chakula kikiwa moto kiko salama, kikishapoa mpaka vuguvugu ndio vijidudu vinafurahia, na kikapu kinakiweka vuguvugu masaa mengi sana, ndio ubaya wake. Sheria yangu ni ukifungua kiwe bado kinakuchoma ulimi, alafu kirudishe kwa moto kichemke kidogo ndio upakue. Kikiwa vuguvugu na hujui kilipoa saa ngapi, mwaga.

Malalamiko yangu kwa kikapu chenyewe: mshono wa kifuniko uliachia mwezi wa pili, sponji zikaanza kutoka kama mahindi ya bisi. Nilirudi nacho, yule mama akashona papo hapo bila pesa, kwa hivyo sina neno kubwa, lakini uzi ulikuwa mwembamba tangu mwanzo. Kitambaa cha ndani kimeshonewa moja kwa moja, hakitoki kufuliwa. Supu ikimwagika unapangusa na kuanika juani na kuomba Mungu. Mimi nimeshona kigunia cha leso kuukuu cha kuvalisha sufuria, kinatoka kinafuliwa, ningekuwa nimefanya hivyo siku ya kwanza. Na ukienda kununua usiangalie kitenge, bonyeza kuta na kidole. Zikibonyea mpaka uhisi kikapu upande ule mwingine, hazijajazwa vizuri. Nyumbani jaribu na sufuria ya maji ya moto, baada ya saa moja gusa nje. Nje kukiwa na joto basi joto linatoroka, ongeza nguo kuukuu hapo.

Dada yangu wa Nakuru alinisumbua mpaka nikamnunulia chake mwezi wa saba. Konda akakataa kukiweka kwa buti ati kitalemaa, nikalipia kiti kama abiria. Baada ya siku 3 ananipigia, ati nimemuuzia uongo, maharagwe dakika 30 na masaa 6 na bado yanagoma. Hapo ilibidi nifikirie. Kumbe Nakuru iko juu sana, mita 1,850 hivi, sisi huku chini kwa ziwa tuko 1,100 na kitu. Kwetu maji yanachemka kwa digrii kama 96, kwake kama 94, na hizo mbili maharagwe yanazihisi, alafu kule usiku ni baridi. Nikamwambia aongeze dakika 15 za moto. Akaongeza, yakaiva, lakini ati bado jioni yanakuwa yamepoa kuliko yangu. Nikamuuliza umegusa nje kama nilivyokuambia? Hakujibu, akanitumia picha. Paka wake amejikunja juu ya kifuniko, amelala fofofo, ati tangu kikapu kije hataki kulala mahali pengine. Nikamwambia fungua huo mshono leo, ongeza sweta mbili.