Kili 21 na joging ya mtaani: inalipa au tunaenda kupiga picha tu?

Kila msimu ukikaribia kuna watu wananiuliza, dada, ile safari ya Kili Marathon, mbio za Moshi chini ya Mlima Kilimanjaro, mnayoendaga na joging yenu, yaani klabu ya kukimbia ya mtaani, ina faida gani kweli? Leo naandika yote kwa mara moja nisiwe narudia rudia kwa voisi za WhatsApp. Naongelea ile ya kilomita 21, kwa mtu wa kawaida wa Dar mwenye genge lake au kibarua chake anayekimbia Jumapili kwa Jumapili. Na naongelea safari nzima kama klabu za mtaani zinavyoiuza, yaani mazoezi, fulana, basi, gesti na mbio yenyewe. Klabu yetu siitaji jina maana kuna sehemu nitawasema na sitaki vita kwenye grupu.

Kwanza tuelewane nani anaiuza hii mbio. Redio wanatangaza, mabango yapo, sawa, ila mimi sijamuona mtu wa mtaani kwetu aliyeenda Moshi kwa sababu ya bango, watu wanaenda kwa sababu jirani alirudi na medali akaiweka status wiki nzima mpaka ikawa kero. Katibu wetu anaanza kama mwezi wa kumi na moja hivi, anaposti picha za msimu uliopita, halafu anafungua daftari la kudunduliza. Unatoa elfu tano, elfu kumi, unavyojaliwa, kila Jumapili mkimaliza mazoezi, mpaka hela ya usajili na fulana na basi inatimia. Hii kitu mimi naipa tano kwa tano bila kupepesa macho. Mama ntilie, kondakta, fundi simu, ukimwambia toa laki na ushee kwa mpigo anakuona unamtania, ila kidogo kidogo Februari unamkuta kashamaliza deni na anawadai wenzake. Kama klabu yako haina daftari hilo basi hiyo ni klabu ya fulana tu.

Promo yenyewe sasa ndio raha. Jumapili saa kumi na mbili watu wako barabarani, filimbi mbele, nyimbo za mchakamchaka, vijana wawili na vitambaa vyekundu wanazuia bodaboda wasitupitie katikati. Klabu nyingine ikisherehekea kuzaliwa kwake inaalika majirani, mnaenda hata kama ni Mbagala mpaka Tabata, mnakimbia wote, mkimaliza ni supu na chapati, mwenyekiti anashika spika anatangaza viti vya basi vilivyobaki na kuwataja kwa majina waliosema wanaenda ila hawajalipa. Watu wanacheka ila wanalipa. Hiyo spika ya kwenye supu inajaza basi kuliko tangazo lolote la televisheni, na waandaaji wa mbio za hapa nchini wangekuwa wajanja wangekuwa wanazifuata hizo supu.

Na tangu Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu, achukue dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, ndio kabisa. Alimpita yule Mjerumani, Amanal Petros, kwenye mstari wa mwisho, wote wakaandikiwa saa 2:09:48, tofauti sekunde 0.03! Ile video kila simu ilikuwa nayo. Tanzania haikuwahi kupata dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha kabla ya hapo, hata enzi za wakimbiaji wetu wa zamani Filbert Bayi na Juma Ikangaa, sasa unategemea nini, vijana waliokuwa wanatucheka tunapita kibarazani kwao saa hii ndio wanauliza raba za kukimbilia zinauzwa wapi.

Haya, tuje kwenye mapungufu. Mazoezi ya klabu ni matamu ila hayakuandai kwa Moshi. Nasema wazi. Mwendo wa joging ni mwendo wa kuimba, na mtu anayeimba hakimbii, anazunguka zake kilomita saba nane za tambarare na katikati mnasimama kupiga picha. Kwa afya hakuna neno, presha zimeshuka, vitambi vimepungua, mashahidi tupo. Kwa ile mbio bado sana, na viongozi hawalisemi hilo maana wanataka basi lijae. Ukiwauliza wanakwambia "wewe njoo tu, kule hali ya hewa nzuri". Hali ya hewa nzuri ndio, sasa mlima je?

Iko hivi. Mbio inaanzia na kuishia uwanja wa Ushirika, pale chuo kikuu cha ushirika, na ya 21 inakupandisha kuelekea Mweka, kule kwenye chuo cha wanyamapori, kisha unageuza unarudi chini. Mjini upo kama mita 800 na kitu juu ya bahari, kule juu unaitafuta 1,150. Hebu piga hesabu, karibu nusu nzima ya kwanza ni kupanda, kupanda, kupanda, na sio mlima wa kusema huu hapa nimeumaliza, ni ule mteremko wa kinyume usioisha, unakata kona unasema afadhali, kumbe ndio unaanza. Mapafu ya mtu wa Temeke yamezoea upepo wa bahari, hapo yanakuuliza umenileta wapi.

Kwa hiyo ukilipa klabu jua umelipia watu, mlima utautafuta mwenyewe. Na Dar vilima vipo, watu wavivu tu kuvifuata. Sisi wachache tulijitenga tukawa tunaenda Jumamosi Pugu kwenda Kisarawe, ile barabara inayokata msituni, asubuhi mapema hewa ni safi na unapanda kweli kweli, ila muwe wengi na mvae rangi za kuonekana maana malori hayana mchezo. Chuo Kikuu Mlimani pia ni pazuri, panaitwa Mlimani sio kwa bahati mbaya, unazunguka unavyotaka na gari sio nyingi. Goba na Salasala nako utatoka jasho. Daraja la Tanzanite waachieni wapiga selfi, kule unafuata upepo na mwanga mzuri, mwinuko wake haukusaidii kitu.

Kuna anko mmoja kwenye klabu yetu, mstaafu wa jeshi, huyo ndiye aliyetufundisha kupanda na halipwi hata soda. Hatua fupi, mikono ifanye kazi, macho mita chache mbele, usiangalie juu kunakoishia utakata tamaa bure. Na ukishindwa kuongea sentensi nzima, punguza, tembea dakika moja, anza tena. "Mwanangu, aliyetembea kidogo anamkuta aliyekimbia sana kakaa chini anashika mbavu," ndio kauli yake, na siku ya mbio nimeyaona kwa macho haya. Kama klabu ingekuwa na akili ingempa anko Jumapili mbili kwa mwezi, nyimbo zipumzike.

Raba. Hapa watu wanapigwa sana. Usiende na raba mpya za dukani za bei rahisi zile zenye soli ngumu, na usinunue chochote wiki ya safari. Wengi wetu tunavaa mtumba wa soko la Karume na hauna aibu yoyote, ila chagua kwa mikono: kunja raba, ikikunjika katikati kama chapati iache, inatakiwa ikunjike pale vidole vinapoanzia. Bonyeza soli kwa kidole gumba kwa pembeni, ikiwa ngumu na ina mikunjo mikunjo ya kulala ujue yule mzungu kashaimaliza yote. Angalia kisigino kimelika upande gani. Chukua yenye nafasi kidogo mbele maana kwenye kushuka kutoka Mweka vidole vinagonga mbele, na hapo ndipo kucha zinageuka nyeusi. Ukipata inayofaa kwa elfu thelathini au arobaini baada ya kubishana umeshinda.

Fulana za klabu naomba niwaseme hapa hapa. Ni pamba nzito, zimechapwa rangi kifua kizima, ukilowa jasho unabeba kilo. Tena fundi aliyepewa tenda alileta siku ya safari jioni, nusu size zimekosewa, mama zima limepewa fulana ya mtoto wa darasa la sita. Mimi huwa naivaa ya klabu kwenye basi na kwenye picha, kukimbia nakimbia na ile nyepesi. Wakasirike tu.

Safari, sitaongea sana, kilomita 560 hivi, mnatoka Mbezi Louis alfajiri, Chalinze, Segera, Korogwe, mkifika Same mtu ameshakula vitumbua vya wiki. Nendeni Ijumaa, msiende Jumamosi, miguu iliyokaa kwenye kiti siku nzima haipandi Mweka kesho yake. Kuhusu kulala, wiki hiyo Moshi inajaa na bei zinapaa, kuna gesti walituambia bei moja kwenye simu tukafika tukakuta nyingine, kwa hiyo tumeni hela ya awali na mtunze meseji. Wenye shemeji au rafiki Moshi mchokozeni mapema. Namba za kukimbilia chukueni Dar wakati zinagawiwa, msiseme tutachukulia kule kule.

Siku yenyewe sasa. Jamani. Watu elfu kadhaa asubuhi ile, wazungu, Wakenya waliokuja kuchukua hela, Wachaga wa Dar waliopata sababu ya kuja kusalimia nyumbani, mabenki na makampuni na fulana zao zilizopigwa pasi, na sisi wa joging na filimbi zetu. Mlima wenyewe, mawingu yakiwa yameondoka, unauona theluji ile pale juu ya vichwa vya watu na unasahau kupasha viungo. Kilomita za mwanzo usifuate mtu. Wanaume hasa, nawaona, bunduki ikilia wanachomoka wanataka kuwapita watoto wa shule, wakifika kwenye kupanda tunawasalimia. Ukianza kupanda unaingia kwenye migomba na mibuni, kivuli cha hapa na pale, na watu wa njiani ndio wanakubeba, mabibi wamekaa nje ya mageti wanakwambia pole mwanangu jikaze, watoto wananyoosha mikono uwagonge, kuna mzee alikuwa na dumu na kikombe anagawa kitu ambacho nina hakika hakikuwa maji, nikamshukuru nikapita. Hicho ndicho huwezi kukinunua kwenye mbio za Dar ambazo unakimbia katikati ya foleni ya magari yamezuiwa na watu wanakupigia honi za hasira.

Kugeuza ni furaha lakini kushuka kuna hila. Magoti. Unaachia mwili unasema nafidia muda, ukifika chini mapaja yanatetemeka na bado kuna kipande cha kuingia uwanjani na jua limeshachachamaa. Shuka kwa hatua ndogo, usipige breki kwa kisigino. Na maji kunywa kidogo kidogo tokea juu, usingoje kiu.

Baada ya hapo medali shingoni na msako wa chakula. Tafuteni mtori au machalari, vyakula vya ndizi vya kule, tena vya mama wa mtaani. Mtori wa moto baada ya kilomita 21, sijui niseme nini, naupa nyota sita.

Ile ya kilomita 42 siwezi kumshauri mtu wa joging, maana wanazunguka kwanza tambarare ya mjini na barabara kuu, wakishachoka ndio wanapelekwa Mweka, na jua lishapanda. Huo ni ugomvi. Ile ya kilomita 5 ni sherehe, peleka watoto, peleka mama mkwe, ila usitoke Dar kwa ajili yake peke yake.

Jumla: mbio yenyewe nyota tano kwa mazingira na watu, daftari la klabu tano, mazoezi ya klabu mbili na nusu, fulana moja na hiyo moja ni ya rangi. Mwenye bajeti ndogo au magoti mabovu aanze na CRDB Marathon hapa hapa Dar, tambarare, unalala kwako. Ila ukitaka Kili, njoo Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri, Pugu stendi, tunaanza na anko. Usije na spika.