Kupima kisima Mtwara: kipimo cha saa tatu hakitoshi

Kuna mafundi Mtwara mjini wanaouza vipimo viwili vya kujua kisima kirefu kinaweza kutoa maji kiasi gani pampu ikivuta mfululizo: cha saa tatu na cha saa 24. Wateja wengi huchukua cha kwanza kwa kuwa ni nafuu. Hapo ndipo hela inapopotea.

Kazi yenyewe wanaiweza. Pampu haijawashwa, wanashusha waya wa kupimia kina na kuandika maji yalipotulia. Ikishawaka wanasoma kina hicho kila dakika kwa dakika kumi, kisha wanasoma kwa nafasi. Mtiririko wanaupima kwa ndoo ya lita 20: ikijaa kwa sekunde 10, hizo ni lita 7,200 kwa saa. Maji yakishuka kisimani, pampu inapunguza kutoa, nao wanafungua kidogo geti valvu, yaani koki ya kurekebisha mtiririko, ili mtiririko ubaki palepale. Fundi asiyefanya hivyo anapima pampu, si kisima.

Sasa hizo saa tatu. Mwanzoni pampu hunywa maji yaliyomo kisimani na yaliyo kwenye mchanga wa jirani. Mchanga ukikatishwa mbele na tabaka la mfinyanzi, dalili huja baadaye: maji yaliyokuwa yanashuka polepole huanza kushuka kwa kasi, na fundi keshafunga vyombo. Hata watu wa gesi hawaishii kwenye namba ya kwanza. Kisima cha gesi cha Ntorya-1, hapa hapa Mtwara, mwaka 2012 kilipopimwa kilitoa takribani futi za ujazo milioni 20 za gesi kwa siku kutoka tabaka lenye unene wa mita 3.5, na bado kisima cha pili, Ntorya-2, kikachimbwa kuhakiki.

Kwenye cha saa 24 wanapima pia maji yanavyopanda tena kisimani pampu ikizimwa, na huo ndio ukurasa wa maana kuliko zote kwenye ripoti. Hakikisha bomba la pampu lina valvu ya kuzuia maji yasirudi, la sivyo yaliyomo bombani yanaporomoka kisimani na kuharibu hesabu.

Kasoro mbili. Maji wanayamwaga karibu mno; kwenye udongo wa kichanga yananywea na kurudi kisimani, kipimo kinatoka kizuri kwa uongo. Dai mpira mrefu, mdomo uelekee mteremkoni. Pia chumvi wanaipima mara moja tu, mwanzoni. Kwa visima vya pwani, kama vya Mikindani au Msimbati, hilo halikubaliki, maana maji ya bahari hupanda kadiri unavyovuta. Ipimwe kila saa.

Karatasi ya vipimo vya dakika kwa dakika hawaitoi mpaka uiombe. Iombe kabla ya kumalizia malipo.