Spana ya kikombe ya filta ya oili kwenye Land Cruiser 200: nimeitumia sevisi tatu

Habari zenu jamani, karibuni sana. Gari mnaloliona nyuma yangu ni Land Cruiser 200, shangingi kama tunavyoyaita huku kwetu, la petroli, V8 ya lita 4.6, limeingia kutoka Japani. Na hiki nilichoshika mkononi ndicho mlichoniomba nikizungumzie: spana ya kikombe ya kufungulia filta ya oili. Ni ya aluminiamu, kipimo chake milimita 64, na ukiichungulia ndani ina pande 14. Nimeifanyia kazi sevisi tatu kwenye gari hilihili, kwa hiyo ninachowaambia nimekishika kwa mikono yangu.

Kabla hujaenda Kariakoo kununua chochote, fungua mlango ukasome namba ya chesisi. Ikianza na URJ202, una injini kama yangu, 1UR-FE, endelea kunitazama. Ikianza na UZJ200, hiyo ni V8 ya mwanzo, ya lita 4.7. Filta yake ni ya kopo: unazungusha kopo zima, unatupa, unafunga jipya. Spana hii haitakufaa. Ikianza na VDJ200 una dizeli, tafuta vipimo vya dizeli. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wanafika dukani wanasema "nataka filta ya V8", na muuzaji anatoa V8 anayoijua yeye.

Sasa kwa nini nikanunua spana ya kazi moja tu? Nilipeleka gari gereji moja, fundi akakikamata kifuniko cha filta, maana filta ya injini hii ni ya karatasi na inakaa ndani ya kifuniko, kwa spana ya mnyororo. Kilifunguka, lakini meno ya pembeni yalilika na kifuniko kikapata ufa mwembamba kama unywele. Siku tatu baadaye nikaona tone la oili kwenye sakafu, asubuhi ya pili matone matano. Kifuniko kipya kilinigharimu kuliko filta na spana hii vikijumlishwa. Iliniuma, kwa sababu ni kitu kilichoepukika kabisa.

Mdogo wangu, leta kamera huku chini. Gari hili lina kimo, mimi naingia chini bila kupiga jeki. Wewe ukilipandisha, weka stendi imara. Lina uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu, usilale chini yake kwa kutegemea jeki peke yake.

Wengi wanafungua boneti, wanatafuta filta juu, hawaioni. Iko huku: chini, mbele kabisa ya injini, imefichwa na hili bati la kukinga mawe. Mimi huvua bati zima, maana nikishalivua naona pia kama kuna uvujaji sehemu nyingine. Haya, mnaona hicho kifuniko cha duara kinachotazama chini, chenye nati ndogo katikati ya uso wake? Hiyo ndiyo nyumba ya filta. Nati kubwa kule nyuma ni ya sampu, yaani chombo cha oili chini ya injini, ya kumwagia oili, inachukua spana namba 14. Msizichanganye.

Injini imewashwa kwa dakika chache, oili ina uvuguvugu, haichomi. Namwaga ya sampu kwanza, na ninaiacha ichuruzike mpaka inakuwa matone. Hapo siharakishi.

Wakati inachuruzika, turudi kwenye filta. Ile nati ndogo ya katikati ina tundu la mraba. Haihitaji soketi. Ncha ya racheti ya 3/8 inaingia humo yenyewe. Ifungue taratibu, ni ndogo na haipendi nguvu. Halafu ndani ya boksi la filta orijino mtakuta kibomba cha plastiki. Watu wengi wanakitupa pamoja na boksi! Kina kazi yake: ukikisukuma juu kwenye lile tundu, kinafungua vali, na oili iliyobaki ndani ya nyumba ya filta inashukia kwenye beseni badala ya kukumwagikia kwenye kiwiko. Tazameni... inashuka. Safi.

Sasa spana yetu. Naipandisha, naizungusha kidogo mpaka pande 14 zikutane na meno ya kifuniko. Sikilizeni: imekaa, haichezi. Hapa ndipo ninapoipenda. Niliwahi kununua ya bati jembamba, bei ya kutupa, ikawa inatanuka ukiizungusha na kuruka meno. Nimejaribu pia ile ya makucha matatu. Inashika, lakini inauma kifuniko mahali patatu tu, na kila sevisi inaacha alama. Hii inakumbatia mzunguko wote, nguvu inagawanyika. Bei yake haifiki galoni moja ya oili nzuri.

Kasoro yake ninayo. Shingo ni fupi, kwa hiyo bila ekstensheni, kile kipande cha kurefushia, mkono wa racheti unagonga kingo za chuma hapa mbele. Wauzaji hawakwambii. Nunua na ekstensheni. Na ya pili: kuna spana ya Corolla ya lita 1.8 inayofanana na hii kama pacha, lakini kipimo si kimoja. Muuzaji wangu wa Shaurimoyo alinipa hiyo kwanza, kwa nia njema tu. Nenda na filta yako ya zamani au picha ya kifuniko, na sisitiza 64, pande 14.

Kifuniko kimeshuka. Filta ya zamani hiyo, karatasi imekuwa nyeusi lakini mikunjo imesimama sawasawa, haikulala. Ikunjue kidogo uangalie ndani kama kuna vumbi la chuma linalong'aa. Yangu haina, nashukuru.

Filta mpya ni 04152-YZZA4, utaikuta pia kwa namba 04152-38020. Chunguza karatasi: mikunjo iwe na nafasi sawa, na gundi ya kwenye miisho isiwe na mabonge. Feki nyingi nilizoshika zinajisaliti hapo. Ndani ya boksi kuna oringi mbili, yaani pete za mpira, kubwa ya kifuniko na ndogo ya ile nati ya katikati. Naomba hapa mnisikilize kwa makini. Toa oringi ya zamani kwa kijiti au plastiki, usichokonoe kwa bisibisi ukakwaruza mfereji. Kisha uhakikishe kwa macho kwamba imetoka. Oringi mpya ikikaa juu ya ya zamani, injini itawaka vizuri, halafu shinikizo likipanda, oili itasukumwa nje. Pakaza mpya oili safi kwa kidole, izungushe mfereji mzima bila kujikunja.

Funga kifuniko kwa mkono kwanza mpaka kigome. Kisha torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza kwa nyutoni mita (Nm): kifuniko 25 Nm, nati ndogo 13 Nm, nati ya sampu 40 Nm na washa mpya. Huna torki renchi? Azima. Kifuniko hiki hakifungwi kwa kifua. Oringi ndiyo inayozuia oili, na nguvu ya ziada inapasua tu.

Oili inaingia lita 7.5 ukiwa umebadilisha filta. Galoni mbili za lita nne zinatosha na nusu lita inabaki. Mimi natia saba, nawasha, naacha injini iungurume dakika moja huku taa ya oili ikiwa imezimika, nazima, nasubiri dakika tano, ndipo napima kwa dipstiki na kujazia.

Bati sijalirudisha bado, na ni kwa makusudi. Nimetandika boksi jeupe chini ya filta, naliacha hivyo usiku kucha nione kama kuna tone. Oili chafu iko kwenye galoni hizi, jirani yangu fundi seremala anazichukua kupaka nguzo zake, mchwa wasizile.

Kumekucha. Mdogo wangu, vuta kamera karibu na boksi. Mnaona? Jeupe vilevile. Nipeni soketi, tufunge bati.