Ofisi ya tiketi Rwagasore, kwa mnaoenda Guangzhou kupitia Dubai

Wafanyabiashara wa Makoroboi na Mlango Mmoja hapa Mwanza mnaofuata mzigo China, kuna ofisi ndogo ya tiketi maeneo ya Rwagasore, ghorofani, ngazi nyembamba, hii naisifia kwa moyo wote. Yule dada wa kaunta kabla hajakutajia bei anakuchorea safari nzima kwenye karatasi, safu moja saa za huku kwetu, nyingine za Dubai, nyingine za China, na pembeni ya kila kipande anaandika utakaa hewani masaa mangapi.

Kinachochanganya watu ni hapo Dubai kwenda Guangzhou. Tiketi inasema unaondoka saa nne asubuhi unatua saa tatu na nusu usiku, mtu anashtuka, jamani masaa kumi na moja na nusu! Wala, ni kama kilomita 5,800, hewani masaa saba na nusu hivi, hayo manne mengine ni kwa vile China iko mbele ya Dubai masaa manne (sisi katuacha matano). Kurudi sasa, unatoka saa sita usiku tiketi inaonyesha Dubai saa kumi na nusu alfajiri, unaona safari fupi kumbe umekaa kwenye siti manane na nusu. Nikamuuliza mbona kurudi kurefu na njia ni ile ile, akasema huko juu kuna upepo mkali unavuma toka magharibi kwenda mashariki, ukienda unakusukuma, ukirudi mnapambana nao.

Na hesabu hii ina hela ndani yake ndugu zangu. Ukishatua Guangzhou hiyo saa tatu na nusu usiku, upange foleni ya uhamiaji, usubiri begi, utafute gari mpaka Xiaobei (mtaa wa Guangzhou wanakofikia Waafrika wengi), maduka yameshafungwa zamani na hoteli unalipa kama kawaida, kwa hiyo dada anakuambia siku zako za kazi anza kuzihesabu kesho yake. Aprili na Oktoba kukiwa na Canton Fair, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, anakusisitiza chumba ushike mapema maana bei zinapanda. Wa Yiwu, ule mji mwingine wa masoko ya jumla huko China, ongezeni ndege ya kama masaa mawili, saa habadilishi mtu, China nzima wanatumia saa moja.

Kingine nilichompendea, Mwanza Dar hapo ni saa moja na nusu tu lakini hakuachii uunganishe siku hiyo hiyo kama tiketi ni mbili tofauti, ile ya ndani ikichelewa ya nje haikusubiri.

Bei yao inazidi kidogo ukilinganisha na kukata mwenyewe mtandaoni, na simu wanapokea kwa kujivuta, hapo warekebishe kwa kweli. Ila kwa anayeenda mara ya kwanza mi naona hiyo tofauti ni halali yao. Nendeni asubuhi, ikifika saa sita mchana watu wamejaa mpaka kwenye ngazi.