Sensa ya mafuta ya lori: ulizia tenki la pili kabla hujatoa pesa

Mwaka 2022 dizeli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, na serikali ikalazimika kumwaga ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni, mimi nilikuwa na malori mawili njia ya Tunduma na usingizi wa mang'amung'amu. Nikafanya walichofanya wenye malori wengi wa Dar: nikaenda kununua kifaa cha GPS chenye sensa ya mafuta. Ya kuhesabu lita, si ile ya kuhesabu watu tuliyopitiwa nayo Agosti ya mwaka huohuo.

Muuzaji alikuwa na ofisi ya kiyoyozi Kariakoo na vijana wenye fulana zinazofanana. Hosi ya kwanza, yaani kichwa cha lori, waliimaliza kwa saa moja na nusu. Akaniwekea programu kwenye simu, akanionyesha lori langu likiwa nukta ya kijani pale Kurasini, akasema, "Mama, sasa ulale."

Wiki ya tatu, saa nane usiku, simu ikapiga kelele. Lori limesimama mlimani Kitonga, injini imezimwa, mafuta yamepungua lita 62.

Nikampigia dereva. Huyu ni mtu aliyekuwa na mimi miaka sita, tangu nina lori moja la mkopo. Akasema kuna semi imelala kona ya juu, foleni haisogei, ameegesha pembeni anasubiri. Nikamwuliza mafuta yako wapi. Akanyamaza kidogo. "Dada, mafuta yako kwenye tenki." Nikamwambia mashine haina sababu ya kumsingizia mtu. Aliporudi Dar nikamkata zile lita kwenye posho. Hakubishana. Aliweka funguo mezani, akachukua begi lake kwenye kebini, akaondoka na daladala la Mbagala.

Miezi miwili baadaye fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani aliingia chini ya ile hosi kwa shida nyingine kabisa, akatoka anacheka. Hosi yangu ina matenki mawili, la kulia lita 400 na la kushoto lita 300, na yameunganishwa kwa mpira chini kwa chini. Kwa waliofunga sensa, tenki lilikuwa moja tu, la kulia. Sasa fikiria: nchi hii tunaendesha kushoto, kwa hiyo lori likiegesha pembeni linaegemea kushoto, na mafuta hayana ubishi, yanateremka kupitia ule mpira kwenda tenki la pili. Sensa ya kulia inaona lita zinayeyuka polepole, gari limesimama, injini imezimwa. Ni picha ileile ya mtu mwenye dumu na mpira.

Nikafungua kumbukumbu za usiku ule. Saa kumi na moja alfajiri, lori likiwa limeshaondoka pale na barabara imenyooka, kabla hata ya kufika Ilula, programu ilikuwa imeandika: kujaza mafuta, lita 59. Ilikuwa imeandikwa pale siku zote na mimi sikuangalia. Mwizi gani ananyonya saa nane halafu anarudisha saa kumi na moja?

Kwa hiyo wanaoniandikia wakiniuliza kipi kina ramani nzuri, kipi kina kengele ya mwendokasi, kipi kinazima injini kwa mbali, samahani, sitajibu. Vyote vina ramani. Mimi nina swali moja tu la kumwuliza muuzaji, nalo linatosha kukimbiza nusu yao: tenki langu mtalipimaje?

Sensa nzuri ya mafuta ni mabomba mawili membamba, moja ndani ya lingine, yanayozamishwa kutoka juu ya tenki mpaka karibu na chini. Mafuta yanapopanda kati ya mabomba hayo, umeme unaohifadhiwa kati yake unabadilika, na kifaa kinasoma badiliko hilo kama namba. Namba hiyo si lita. Ili iwe lita, fundi anatakiwa kumaliza mafuta yote kwenye tenki, kisha amimine lita 20, aandike namba, amimine 20 nyingine, aandike, mpaka tenki lijae. Tenki la lita 400 ni mara ishirini. La pili, la lita 300, mara kumi na tano. Ni kazi ya nusu siku na zaidi, na ni lazima ifanyike kwa tenki lako wewe, maana tenki lililobonyea Chalinze halifanani na lililotoka kiwandani. Orodha inayotokana na kazi hiyo ndiyo jedwali la tenki. Walionifungia mimi walinakili jedwali la gari la mtu mwingine. Ndiyo maana walimaliza kwa saa moja na nusu wakapata na muda wa kunywa soda yangu.

Basi masharti ni haya: sensa kwa kila tenki, izamishwe katikati ya tenki na si ukingoni, upimaji ufanyike ukiwa umesimama hapohapo kwenye kituo ambacho pampu yake ina stika ya Wakala wa Vipimo, na jedwali upewe nakala. Kisha fanya jaribio langu. Pandisha matairi ya kulia kwenye tuta au mbao nene, acha saa nzima, uangalie jumla ya lita. Ikishuka zaidi ya lita tano, usimalizie malipo.

Chaguo langu, na sifichi upendeleo, ni sensa za Omnicomm, zile zinazoitwa LLS, zikiunganishwa na kifaa cha Teltonika FMB125. Teltonika wanatoka Lithuania, na FMB125 ina tundu la RS485 ambalo sensa za namna hii zinaingia moja kwa moja. Mafundi wetu wameshaizoea na vipuri vinapatikana. Inaposafiri sehemu isiyo na mtandao inahifadhi safari kwenye kumbukumbu yake, kisha inazimwaga zote ikipata mnara. Kwangu, sensa mbili, kifaa, kufunga na siku nzima ya kupima matenki ilifika shilingi milioni 1.35 kwa hosi moja. Nililia. Lakini nina miaka miwili sasa, na Kitonga wameegesha mara nyingi, jumla haijacheza hata lita nne. Programu ninayotumia ni Wialon ya kampuni ya Gurtam. Humo jedwali la tenki linaonekana, ila muuzaji lazima akupe ruhusa ya kuliona. Dai hiyo ruhusa kabla ya kulipa, maana baada ya kulipa simu zinaanza kuita bila kupokelewa.

Ukikosa Omnicomm, Escort ya Urusi na DUT-E ya Technoton ya Belarusi zinafanya kazi kwa namna ileile na sina ugomvi nazo. Escort wana aina isiyotumia waya kati ya sensa na kifaa, jambo linalopendeza kwa sababu waya ndicho kitu cha kwanza "kukatika chenyewe" njiani. Ina betri ndani, kwa hiyo ulizia betri ikiisha nani anabadilisha.

Nafasi ya tatu naipa njia ya kusoma mafuta kutoka kwenye kompyuta ya gari, kwa wenye Scania, Volvo, DAF au Benz za miaka ya karibuni. Hutoboi tenki. Lakini elewa unachonunua: injini inajua ilichokunywa, haijui kilichotolewa kwa mpira. Peke yake haimkamati mtu. Ukiiweka pamoja na sensa ya tenki, tofauti kati ya kilichopungua na kilichochomwa ndiyo habari yenyewe, na hapo hata yule anayechepusha mafuta kwenye bomba la kurudishia anaonekana. Ningekuwa na hosi mpya ningefunga zote mbili. Sina.

Zile za kubandika chini ya tenki kwa gundi, zinazotumia mawimbi ya sauti, sijawahi kuziamini kwenye barabara yenye mawe na matope. Kuunga waya kwenye boya la geji ya dashibodi ni kujidanganya. Geji yenyewe haijui robo na nusu zinatofautianaje. Na GPS za GT06N na ndugu zake wa bei ya chee? Zinakuonyesha lori liko wapi. Basi.

Sasa jambo ambalo sikulitarajia. Nilinunua haya yote kukamata wezi wa mafuta, na mwizi mkubwa niliyemkuta ni injini isiyozimwa. Grafu zilionyesha malori yangu yakiunguruma usiku kucha kwenye foleni ya Tunduma, dereva kalala na feni. Injini ya ukubwa ule ikiwa imesimama inakula kama lita tatu kwa saa. Saa kumi ni lita 30, yaani kama shilingi 90,000, usiku mmoja, na foleni ile wakati mwingine ni ya siku tatu. Niliwaita madereva, nikawaonyesha grafu bila kumtaja mtu, nikawanunulia feni ndogo za kuchaji. Sasa wanazima. Hicho ndicho kilichorudisha zile milioni zangu, si kumfukuza mtu. Na tenki najaza Dar, kwa sababu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wakitoa bei kikomo, ya Mbeya inaizidi ya Dar kwa gharama ya kusafirisha tu, mafuta yenyewe yakiwa yameshukia bandarini kwetu.

Upande wa mawasiliano sitawachosha. Usinunue redio za upepo kwa sababu jirani anazo. Zinahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na Mikumi kwenda Dar hazifiki. Mnunulie dereva kitochi cha laini mbili kinachokaa na chaji siku nne, moja ya hapa na moja ya Zambia, hata kama ana simu janja, maana simu janja hufa usiku uleule unaomhitaji. Kwenye WhatsApp tunatumiana sauti, hakuna kuandika, na hakuna kupiga gari likiwa kwenye mwendo. Programu inaniambia limesimama, ndipo napiga. Kabla ya kifaa nilikuwa napiga mara nane kwa siku, "Umefika wapi?", na kila mara mtu anashika simu na usukani wa tani 50.

Laini iliyo ndani ya kifaa nayo ina mambo yake. Ya kwanza niliyopewa ilikuwa inakata roho ikivuka tu mpaka kuingia Nakonde, Zambia, lori linapotea siku tisa, linafufuka likirudi. Mwulize muuzaji kama laini imefunguliwa kutumika nje, na ni mtandao gani. Airtel wako Tanzania, Zambia na Kongo, ndio ninaotumia. Na usikubali kuambiwa kwamba kile kifaa cha TRA kinachofungwa kwenye mzigo wa transiti kinakutosha. Kile kinafuata mzigo. Tenki lako hakilijui.

Yule dereva nilimtafuta. Nilimpigia mara tatu kabla hajapokea, na alipopokea alikuwa Makambako na lori la tajiri mwingine. Nikaeleza habari ya mpira wa chini na tenki la kushoto, nikamwomba radhi, pesa za posho nikamrushia palepale. Akasema, "Nimekusikia, dada." Kisha akaniambia hata huyu tajiri mpya kafunga sensa, na ni yeye dereva aliyemshika mkono tajiri akampeleka mpaka chini ya hosi, akamwonyesha matenki yote mawili kabla fundi hajafungua boksi. Kurudi kwangu, alisema, ataangalia. Sijamlaumu.

Nimalizie na wauzaji, maana moyo haujatulia. Kwa nini kifaa kinachofungwa Tabata na kijana wa Tabata kinauzwa kwa dola? Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni hapa nchini, na bado mwezi uliopita nimeletewa karatasi ya bei iliyojaa alama za dola, nikiuliza naambiwa, "Ni ya kukadiria tu, mama." Ukitaka risiti ya EFD bei inapanda ghafla, kana kwamba kodi ni kachumbari. Ada ya mwezi unatajiwa elfu 25, ukishafunga unaambiwa hiyo ni bila laini, na ripoti ya mafuta ina ada yake. Ripoti ya mafuta! Kwenye kifaa ulichonunua kwa ajili ya mafuta!

Na yule wa Kariakoo, mwenye kiyoyozi? Hosi yangu ya pili bado ina sensa zake, niliongeza ya kushoto nikaipima upya mwenyewe na fundi wangu, lita ishirini ishirini, kuanzia asubuhi mpaka saa tisa. Imebaki kuingiza jedwali jipya kwenye programu, na neno la siri la kuingilia huko analo yeye. Nimemwomba tangu mwezi uliopita. Anataka dola 40.